Suruali Isiyojua Kusimama

Jumatatu, Machi 3

Taratibu ameniambia niandike. Anasema mtu mwenye hasira za karibu kama mimi akizimwaga kwenye karatasi, wenzake watapata kupumua. Hii ni baada ya mimi kurusha bisibisi. Sikumrushia mtu, niliirusha ukutani, ila Fundi alikuwa amesimama karibu na huo ukuta, na Fundi hana dogo.

Basi naandika. Mvua ya kwanza imenyesha leo. Paa la karakana ni la bati, tulishinda tukipigiana kelele ili tusikilizane.

Taratibu ni daktari wa viungo hapa hospitalini. Jina lake halisi wengi wamelisahau kwa sababu kila akimaliza sentensi anasema, "Taratibu." Fundi anachonga vyuma. Mimi naandika programu. Sisi watatu tuna karakana nyuma ya wodi, na mtambo mmoja ambao makaratasi ya hospitali yanauita kwa jina refu la kuchosha. Sisi tunauita Suruali, kwa kuwa unavaliwa kama suruali: vyuma ubavuni mwa kila mguu, mota kwenye nyonga na magoti, betri mgongoni. Anauvaa mtu ambaye miguu yake imeishiwa nguvu. Vihisi vilivyo chini ya nyayo na mapajani vinasoma uzito wa mwili umeegemea wapi, programu yangu inakisia mtu anataka kufanya nini, kisha mota zinamsaidia kukifanya. Kazi yangu yote iko kwenye huko kukisia.

Safari hii wa kuivaa ni dada yangu.

Dada ni msusi. Mwaka juzi aliugua uti wa mgongo. Akapona, lakini miguu ikabaki na nguvu ya kujigeuza kitandani tu. Amejaribu kusuka akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mikono inafika kisogoni, utosini haifiki. Mwenye saluni amemtunzia nafasi yake mpaka sasa, Mungu ambariki, kwa sababu kipindi cha mvua wateja ni wa kuhesabu. Lakini amesema waziwazi kwamba mvua zikikatika wateja watafurika, na kiti hakiwezi kukaa kitupu. Atamweka mwingine.

Kwa hiyo nchi nzima inalalamika matope, mimi naomba inyeshe.

Jumatano, Machi 5

Mvua. Vizuri.

Jumanne, Machi 11

Suruali haiwezi kukisia kabla ya kufundishwa. Inafundishwa kwa kumvalisha mtu mwenye miguu mizima, atembee, akae, ainuke, asimame, huku yenyewe inarekodi. Fundi ni mrefu mno. Taratibu ana kitambi, mkanda haufungi. Mimi na Dada tumeazimana viatu na sketi tangu utotoni, miguu yetu urefu mmoja. Hapakuwa na mjadala, nimevaa mimi.

Tangu juzi natembea ukumbini kwenda na kurudi. Leo ilikuwa zamu ya kusimama. Taratibu alinisimamisha mbele ya dirisha akasema nitulie hapo mpaka aniambie.

Fundi akapita na chai yake. "Umeambiwa usimame."

"Si nimesimama."

"Umesimama kama mtu anayesubiri choo."

Nikamwambia ashughulike na nati zake. Simu yangu ikaita, nikaijibu hapohapo, tukaendelea. Mwishowe nilimwambia Taratibu tuyafupishe mambo ya kusimama. Mtu aliyesimama hafanyi kitu, na mimi nina mengi ya kufanya.

Ijumaa, Machi 14

Mama amepiga simu kuuliza kama nimekula. Nimekula. Akauliza nimekula nimekaa au nimekula natembea. Nikakata simu.

Alhamisi, Machi 20

Dada ametembea.

Nimejaribu kuandika hiyo sentensi kwa urefu, imekataa. Dada ametembea. Tulimfunga mkanda wa usalama unaoning'inia kwenye reli ya darini, Taratibu akasimama upande wake, mimi nikawa kwenye kompyuta na roho yangu mkononi. Akaegemea kushoto kidogo, mguu wa kulia ukaondoka. Akaegemea kulia, wa kushoto ukafuata. Alivuka ukumbi mzima. Alipofika ukutani aliuweka mkono pale, akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani ameumia. Alikuwa analia, na mimi nikalia, na Fundi akajifanya ameingiwa na vumbi la chuma.

Mama alikuwepo, amekaa kwenye benchi, kapakata mkoba. Yeye alikuwa anacheka.

"Jamani, tazameni anavyokwenda. Utadhani kuna mahali amechelewa. Huyu anatembea kama Kiguu."

Kiguu ni mimi. Nyumbani wananiita Kiguu na Njia, tangu nilipojua kutambaa. Tukacheka sote, nami nikaichukua kama sifa. Programu ni yangu, acha nionekane ndani yake.

Wakati tunamvua, Dada aliniambia polepole, "Inanisukuma kabla sijaamua."

"Utazoea," nikamwambia.

Jumanne, Machi 25

Leo Dada amekuja na kichwa. Kile cha plastiki chenye nywele, cha kujifunzia ususi. Amekipakata njia nzima, Mama anasema watu walikuwa wanawapisha.

"Nataka mkiweke kwenye stuli nisimame nyuma yake," akasema.

Nikamwambia tuna ngazi wiki hii. Akauliza, "Na kusimama lini?" Nikamwambia kusimama ni jambo dogo, linakuja lenyewe, anayeweza kupanda ngazi atashindwaje kusimama? Akasema, "Mimi saluni sipandi ngazi." Hakupandisha sauti, Dada hapandishi sauti, na hicho ndicho kinachoniudhi. Ukigombana naye unajisikia unagombana peke yako barabarani.

Kile kichwa nimekiweka juu ya kabati. Kinanitazama. Kusema kweli leo amenichosha. Mtu unampa miguu, anauliza mbona haina hiki na kile.

Jumanne, Aprili 1

Amepanda ngazi. Taratibu amepiga makofi, taratibu.

Ijumaa, Aprili 4

Jua tangu asubuhi. Wodini wameanika mashuka mpaka kwenye uzio. Kila mtu uso umekunjuka isipokuwa mimi, nimeshinda dirishani natafuta wingu.

Mchana Dada akapiga simu. Kuna binti amekwenda saluni kuomba kile kiti, na mwenye saluni hajamkatalia. Aliniambia kwa sauti ileile ya kuniambia sukari imekwisha. Nikamuuliza, "Sasa tunafanyaje?" Akasema, "Wewe ndiye mwenye Suruali."

Nilimfuata Taratibu mpaka kwenye chumba cha mazoezi, alikuwa anamnyoosha mzee mmoja goti. Nikamwambia kesho tunampeleka Dada saluni, asimame, asuke, mwenye saluni aone kwa macho yake. Akakataa. Akasema hatujampima kusimama. Nikamwambia tumempima ngazi. Akasema kule hakuna reli ya darini. Nikamwambia atamshika yeye mkanda kiunoni, na swichi nyekundu ya kuzima mtambo ataishika yeye pia. Nilimwandama nusu saa. Yule mzee mwenye goti ndiye aliyemwambia, "Daktari, mkubalie huyu, mimi nipate kunyooshwa."

Akakubali. Mwishoni hakusema taratibu.

Jumamosi, Aprili 5

Nitaandika yote, kwa sababu nikilala bila kuandika sitalala.

Saluni ni chumba kimoja kirefu, vioo upande mmoja, viti vitatu. Cha Dada ni cha katikati. Alipoingia anatembea, wanawake waliokuwepo walisimama. Mmoja alimshika uso kwa mikono miwili. Dada alikuwa amevaa aproni yake ya zamani, ameipiga pasi. Yule binti anayekitaka kiti alikuwepo pia, anafagia, hakutuangalia machoni.

Mwenye saluni, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, akasema, "Mimi sitaki hadithi. Nisuke mimi." Akakaa kwenye kiti cha katikati.

Dada akasimama nyuma yake. Akagawa nywele kwa kitana, mstari umenyooka kama uzi. Akaanza kusuka. Vidole vyake, jamani. Nilikuwa nimesahau. Nilisimama mlangoni na kompyuta mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze nikajisikia raha mpaka tumboni.

Alisuka mstari wa kwanza, akasuka wa pili. Halafu akataka kuona upande wa sikio, akaegemea mguu wa kushoto. Ni kitu kidogo hicho, msusi anakifanya mchana kutwa bila kujua. Suruali ikakisia anataka kupiga hatua. Ikaurusha mguu wa kulia mbele, goti likagonga kiti kwa nyuma. Dada alikuwa bado ameshika nywele, mwenye saluni akapiga yowe. Dada akarudi nyuma kujiweka sawa, uzito ukahamia kulia, Suruali ikapiga hatua nyingine. Akaegemea tena kujizuia, ikapiga nyingine. Kiti kikazunguka. Dada akawa anatembea mahali hakuna pa kutembea, kati ya kiti na kabati la mafuta, na uso wake nauona kwenye kioo, haukuwa na hofu. Ulikuwa na aibu.

Nilisema zima. Taratibu akabonyeza swichi nyekundu. Swichi nyekundu inakata umeme wote, na umeme ukikatika miguu inalegea. Uzito wa vyuma ulimponyoka Taratibu mkononi. Dada akaanguka, akatanguliza mkono wa kulia.

Mkono wa kulia, mkono wa kusukia.

Chupa za mafuta zilikuwa zinabingirika sakafuni. Yule binti wa ufagio ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti, akakiweka kichwa cha Dada mapajani pake. Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni, na nilichokuwa natazama ni skrini, kuona kosa liko wapi. Dada aliniona natazama skrini. Akafumba macho.

Jumapili, Aprili 6

Haujavunjika. Umeteguka. Amefungwa bandeji mpaka kwenye vidole, asiutumie mpaka uvimbe uishe. Ninapoongea naye ananijibu, lakini kama mtu anayejibu askari.

Mama hakunigombeza. Alinipa ndizi, akaniambia nikae nile. Nikala nimesimama.

Jumanne, Aprili 8

Nimegombana na Fundi. Nilimwambia kiungo chake cha goti kina mchezo, kimelegea, ndiyo maana mguu uliruka. Akakifungua chote mbele yangu, akakipima, akakifunga. Kizima. Nikasema basi ni unyevu, mvua imeingia kwenye vihisi. Akavifungua vihisi, vikavu.

Akafuta mikono, akaniambia, "Mwanangu, umelaumu chuma, umelaumu maji. Amebaki nani?"

Nikatoka nje, nikazunguka wodi mara sijui ngapi kwenye mvua.

Alhamisi, Aprili 10

Nimeliona kosa. Ni mimi.

Si mimi kwa maana ya programu yangu. Mimi mwenyewe, mwili wangu. Nilifungua zile rekodi za Machi, za kusimama. Skrini inachora miguu kwa mistari miwili, na uzito kama kidoa kinachohama. Nilitegemea kukiona kidoa kimetulia katikati. Hakitulii. Kinakwenda kushoto, mguu wa kulia unaondoka. Kinakwenda kulia, wa kushoto unaondoka. Hapo ndipo nilipotazama dirishani, hapo nilipojibu simu, hapo nilipomgeukia Fundi. Katika rekodi zote za kusimama hakuna mahali nilipoegemea mguu mmoja nikabaki hapo. Kila nikiegemea, hatua inafuata.

Suruali imejifunza hivyohivyo. Mtu akiegemea, anaondoka. Haijawahi kuona mtu anayeegemea akabaki. Haijui kwamba kuna watu wa namna hiyo duniani.

Nikakumbuka Mama kwenye benchi, anacheka. Anatembea kama Kiguu. Nikakumbuka na Dada: inanisukuma kabla sijaamua. Niliambiwa mara mbili siku moja, nikajibu utazoea.

Nimemvisha dada yangu kiherehere changu, nikakifunga kwa nati, nikakiwekea betri. Nimelia chooni ili Fundi asinione. Aliniona nikitoka, akanipa kitambaa chake chenye grisi, sasa nina doa puani.

Jumamosi, Aprili 12

Nimekwenda nyumbani. Dada alikuwa kitandani, mkono juu ya mto. Nilimweleza kila kitu, na safari hii sikutembea chumbani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikazishika pindo za shuka.

Aliponisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nimekuvaa wewe."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana nilikuwa nachoka."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani. Nikaona mlango umefunguka, nikaingia. Nikamwambia nataka Suruali ijifunze kwake. Atasimama kwenye mkanda wa darini, magoti tumeyakaza kwa pini za Fundi, mota zimezimwa. Haitasukuma kitu. Itasoma tu, jinsi msusi anavyosimama. Lakini lazima awe anasuka kwelikweli, na kichwa cha plastiki hakifai, hakina uzito, hakigeuki, hakijikuni. Kinatakiwa kichwa cha mtu, kwa muda mrefu, kila siku.

"Cha nani?"

"Changu."

Hapo alicheka mpaka Mama akaja mlangoni. Inabidi nieleze. Mimi sijawahi kumaliza kusukwa. Utotoni nilikuwa natoroka nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama kama ufagio, na siku hizi nafunga kitambaa yaishe. Dada alianza ususi kwenye kichwa changu na hajawahi kukiona mwisho wake.

"Utakaa?" akauliza.

"Nitakaa."

"Kiguu, usiniambie nitakaa kama ulivyoniambia utazoea."

Akatazama bandeji yake muda, akasema mkono ukipona tutajaribu.

Jumatatu, Aprili 21

Mvua. Vizuri. Mkono wa Dada umepungua uvimbe. Mwenye saluni amempa yule binti kiti "kwa sasa". Sijui kwa sasa yake ina urefu gani.

Ijumaa, Aprili 25

Siku ya kwanza. Fundi amekaza magoti. Dada amesimama nyuma yangu, mkanda umemshika kifuani, mkono bado mzito. Mimi kwenye stuli.

Nimeteseka. Pua inawasha, mgongo unawasha, kompyuta iko pale mezani inafanya kazi na siwezi kuiona. Kila nikigeuza kichwa napigwa na kitana begani. "Tulia." Nikigeuza tena, "Tulia." Fundi amejiletea kiti, ananitazama kama watu wanavyotazama mpira. Nikamwambia hana kazi. Akasema hii ndiyo kazi.

Tulipomaliza nilikuwa na mistari mitatu. Dada akaifumua yote, kesho tuanze upya.

Jumanne, Aprili 29

Kichwa kinauma. Mvua.

Jumamosi, Mei 3

Nikikaa bila kuona kitu ila ukuta, nasikia mambo. Nasikia Dada anavyopumua anapoanza mstari mpya. Nasikia mkanda unalia kidogo anapohamisha uzito, halafu kimya kirefu, kwa sababu ameegemea na amebaki. Nilikuwa nasema kusimama si kazi. Leo alisimama mpaka shingo ikalowa jasho, akasema tuendelee.

Nikamwambia, bila kugeuka, "Mimi nisingeweza kutulia kama wewe."

Mikono ikasimama. "Nani kakwambia mimi nimetulia?"

Nikataka kugeuka, kitana kikanizuia.

"Nimekaa tangu mwaka juzi, Kiguu. Nimekaa kitandani, nimekaa kwenye magurudumu, nimekaa nasubiri Mama amalize kuvaa anisukume. Usiku napanga watu nitakaowasuka na mistari nitakayowapitisha, mpaka vidole vinachezacheza kwenye shuka. Wewe ukikosa raha unatoka nje unazunguka wodi. Mimi nakosa raha palepale nilipo." Akaivuta nywele, akaanza kusuka tena. "Sitaki kwenda popote. Nataka kusimama mahali pangu."

Nilitulia. Machozi yalishuka mpaka kidevuni na sikuyafuta, kwa sababu nikiinua mkono ningetikisa kichwa.

Jumatano, Mei 7

Tumewasha mota. Nimezifuta rekodi zangu zote za Machi, zimebaki za Dada. Akaegemea kushoto, Suruali ikabaki. Akaegemea kulia, ikabaki. Tukashangilia. Halafu akataka kuzunguka aje upande wa sikio, Suruali ikabaki. Akajisukuma, ikabaki. Tumemgeuza nguzo. Fundi akasema tumtundikie kalenda.

Dada mwenyewe alicheka mpaka mkanda ukabembea.

Ijumaa, Mei 9

Nimetazama rekodi tena, nimekaa chini kuzitazama, nimekaa kwelikweli. Dada anapotaka kuhama kweli, kabla uzito haujaenda, kiwiliwili kinageuka kwanza. Kidogo sana. Akiegemea tu kutazama mstari, kiwiliwili hakigeuki. Kihisi cha mgongoni tunacho siku zote, mimi sikuwahi kukihitaji, kwa kuwa mwili wangu wote unaondoka kwa pamoja.

Kwa hiyo nimeirudishia Suruali rekodi zangu za kutembea, nikaiambia: subiri mgongo. Usipogeuka, kaa.

Jumanne, Mei 13

Imekubali. Anazunguka kichwa changu kwa vihatua vya ubavu, anasimama anapotaka, anaegemea na kubaki. Taratibu amempima siku mbili mfululizo bila kuongea. Pia nimebadilisha swichi nyekundu, sasa ikibonyezwa magoti yanakaza badala ya kulegea. Hilo lilitakiwa tangu mwanzo, na Taratibu ameniambia hivyo kwa maneno ambayo sikujua anayo.

Jua leo. Na jana. Barabarani matope yamekuwa vumbi. Mwenye saluni amempigia Dada: wateja wamejaa mpaka nje, yule binti anajitahidi, yeye anataka kuliandika jina la mtu mmoja juu ya kioo cha katikati. Amesema twende Jumamosi kwa mara ya mwisho. "Ila kichwa changu sitoi," amesema. "Leteni chenu."

Jumapili, Mei 18

Jana sikuandika. Ngozi ya kichwa ilikuwa imekaza mpaka nyusi, nililala kifudifudi nikashindwa hata kupepesa. Leo kumelegea.

Saluni ilikuwa imejaa kweli. Wote waliisikia habari ya Aprili, wengine walikuwepo. Dada alipoingia hakuna aliyesimama. Walisogeza miguu tu, apite. Yule binti alikiachia kiti cha katikati akarudi nyuma, akakunja mikono. Nikakaa mimi. Taratibu akashika mkanda wa Dada kiunoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayebeba mayai.

Dada akanifungua kitambaa. "Haya," akasema, taratibu kama daktari wake, na kitana kikagusa utosi.

Kwenye kioo niliwaona wote nyuma yetu. Mstari wa kwanza hawakuongea. Wa pili hawakuongea. Dada akaegemea mguu wa kushoto kutazama upande wa sikio, na mwenye saluni, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni, akajishika nywele. Nikaubana mkono wa kiti. Dada akabaki pale, ameegemea, anatazama, kwa muda aliotaka. Halafu akarudi. Hakuna mota iliyolia.

Baada ya hapo kuna mtu aliuliza bei ya mafuta, mwingine akamjibu, redio ikaongezwa sauti. Saluni ikaendelea na mambo yake na kutusahau. Taratibu aliuachia mkanda akaenda kukaa, na Dada hakugeuka kumtafuta. Sikuona skrini hata mara moja. Kompyuta nilikuwa nimeiacha kwa Fundi.

Mchana ukapita, sikuwashwa. Au niliwashwa, sikumbuki. Nilimtazama dada yangu kwenye kioo, midomo ameikunja, anahesabu mistari yake moyoni, anakwenda huku, anabaki, anakwenda kule, anabaki. Alipofunga msuko wa mwisho alizunguka kiti, akaja mbele yangu kwa miguu yake na ya Fundi, akanishika kidevu, akakigeuza kushoto na kulia. Hajawahi kukiona hiki kichwa kikiwa kimekwisha. Macho yake yalijaa.

Mwenye saluni akaja akapitisha kidole juu ya mistari, mmoja mmoja, anatafuta kasoro. Akamgeukia yule binti, akamwambia kuanzia Jumatatu atakuwa kwenye kiti cha dirishani, wateja wamekuwa wengi. Binti akashusha pumzi, mimi pia. Kisha mwenye saluni akawaambia waliokaa kwenye benchi, "Wa katikati ni nani anayefuata?"

Wakatazamana. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akainuka. "Mimi," akasema.

Dada akanigusa bega. "Inuka, Kiguu. Kuna mtu anasubiri."

"Niache nikae kidogo," nikamwambia.